Anayeonja kwa Miguu

Mpishi asiyeonja chungu chake ni mpishi gani huyo? Niliuliza hivyo siku yangu ya kwanza ya kazi katika jiko la gurudwara yetu, hekalu la Masingasinga, huku upande wa magharibi wa Nairobi, na niliuliza kwa sauti, maana mimi Lornah Awuor kunong'ona sikujaliwa. Kwetu Seme, kule Kisumu, mama akipika hujitilia mchuzi kidogo kiganjani, akalamba, akakunja uso, akaongeza chumvi. Huo ndio upishi niliolelewa nao. Hapa nikaambiwa: vua viatu, nawa mikono, jifunge leso kichwani, na mdomo wako ukae mbali na sufuria. Chakula hiki hupelekwa kwanza mbele ya Mungu kikaombewa, ndipo watu wale. Kabla ya hapo mpishi haonji hata tone.

"Na kikitoka chumvi tupu je?" nikauliza.

Wanawake wote jikoni wakacheka, isipokuwa mmoja. Alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya sufuria kubwa kuliko zote, kikongwe mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akimenya tangawizi.

"Basi watu watakunywa maji mingi," akasema, wala hakuniangalia.

Huyo ndiye Biji. Jina lake ni Chanchal Kaur, lakini Biji ni kama kusema mama mzee, na sote tulimwita hivyo, hata askari wa lango. Marehemu mumewe, Inderjit, alikuwa na duka la vipuri vya magari Barabara ya Kirinyaga, kule katikati ya jiji, na Biji alisimama nyuma ya kaunta ya duka hilo ujana wake wote. Kiswahili alifundishwa na mafundi wa gereji. Ndiyo maana maneno yake mengine yalitufanya tuangalie chini kwa haya, naye hakuwahi kujua kuwa ni matusi. Siku hizi anaishi na mwanawe Kitisuru, kwenye nyumba ya miti mikubwa na kimya kingi. Kimya hicho alikikimbia kila asubuhi, akaja kwetu jikoni kwenye moshi.

Nataka mnielewe kuhusu chakula cha pale. Kinaitwa langar, na ni cha bure kwa yeyote anayeingia. Anakuja fundi wa mjengo ana saruji kwenye nyusi, anakuja wakili na kilemba chake cha buluu, anakuja mama wa Kawangware na mtoto mgongoni, na wote wanaketi chini kwenye jamvi moja, mstari mmoja, wanapokea kilekile. Hakuna anayeuliza kuna nini ndani. Ukiwekewa, unakula.

Na miaka yote niliyofanya kazi pale, sijawahi kuona sufuria ya Biji ikiharibika. Yawa! Mtu haonji, na chakula kinatoka kitamu mpaka unataka kulamba sahani mbele ya wageni. Mwanzoni nilidhani anaiba kijiko kimoja kimoja cha mchuzi akiwa peke yake. Nikamvizia. Wapi! Mdomo wake ulikuwa ukisema jina la Mungu tu, polepole, na mwiko ukizunguka. Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza anajuaje.

"Ulimi yangu imefungwa," akasema. "Kwa hivyo naonja na miguu."

Nikadhani ni uzee unaongea. Lakini Jumamosi iliyofuata akanichukua kwenda soko la Dagoretti, na nikaelewa. Ulikuwa msimu wa malenge (wenye vitabu huyaita maboga), na wauzaji walikuwa wameyapanga chini kwa mafungu. Biji akainua moja.

"Hii imetoka wapi?"

"Shamba, Biji."

"Shamba ya nani?"

Muuzaji akacheka kidogo, akatazama pembeni. Biji akalirudisha boga lake mahali pake, taratibu, akaenda kwa mwingine. Ilikuwa hivyo kwa nyanya, kwa dengu, kwa dania. Ukimtajia shamba, haikutosha, alitaka kulifikia. Alikuwa na gambuti nyekundu, buti za mpira, chini ya kiti cha gari, ndogo kama za mtoto wa shule, na hizo ndizo zilizompeleka kwenye kila shamba lililolisha sufuria yake. Nairobi hii kuna watu wanaomwagilia sukuma wiki kwa maji ambayo hata bata angeyaruka. Biji alitaka kuona maji. Akishayaona, msimu huo hakuuliza tena.

"Watu wangu pale chini hawaniulizi kitu, Awuor," aliniambia tukiwa njiani. "Wananiamini kama mtoto. Na mimi siwezi kuonja mbele yao. Sasa nikose hata kwenda?"

Malenge aliyachukua kwa Mwihaki tu, mama mkulima mbele ya Dagoretti, penye udongo mwekundu na kisima cha mawe. Siku aliyonipeleka kwake, malenge machanga ndiyo kwanza yalikuwa yanatunga, madogo kama mayai, yana ua bado kichwani. Nilitaka kumwonyesha Biji moja lililojificha chini ya jani. Kwetu boga changa halinyooshewi kidole, litaoza. Unalionyesha kwa ngumi. Nikanyoosha ngumi. Nikamwona Mwihaki, Mkikuyu, naye anaonyesha jingine kwa kidole alichokikunja. Nikamgeukia Biji. Mkono wake ulikuwa umenyooka kuelekea boga jingine kule bondeni, na kidole kimekunjwa hivyohivyo.

"Nani alikufunza?" nikamuuliza.

"Mama yangu. Na yeye, mama yake, huko Punjab."

Tukasimama pale wanawake watatu na ngumi zetu, tukitazamana. Nywele zilinisimama, nasema kweli. Bahari nzima katikati yetu, lugha tatu, na bibi zetu wote walikubaliana kuhusu boga changa. Mwihaki akaanza kucheka, na kicheko kikatushika sote mpaka Biji akashikilia mgomba asianguke.

Basi Desemba iliyopita goti la Biji likakataa. Lilipasuliwa hospitalini, likashonwa, daktari akamwambia mashamba basi. Akakaa Kitisuru kwenye kile kimya. Na Januari ilikuwa inakuja, na Januari kuna Maghi, sikukuu inayojaza watu mpaka kwenye maegesho ya magari, na kila Maghi kwetu Biji hupika malenge kwa uwatu, tangawizi na sukari nguru. Watu huyangoja mwaka mzima.

Msimamizi wa jiko ni Taranjit, mke wa mwanawe Biji, mhasibu. Ni mtu mzuri, simsengenyi, ila ni mtu wa simu. Kila kitu kwake kinapatikana kwa simu. Akapiga simu, na siku moja kabla ya Maghi pikapu ikaja ikamwaga malenge kwenye baraza ya jiko. Mama! Yalikuwa ya kupendeza hayo. Rangi ya chungwa, yanalingana, hakuna kovu wala kidonda. Hata mimi niliyapenda.

Biji akaletwa na gari, akashuka kwa mkongojo, akaketi kwenye kigoda chake pale barazani. Akaweka boga moja mapajani, akaligonga kwa kifundo cha kidole.

"Imetoka wapi?"

Taranjit akampigia aliyemuuzia, akaweka sauti ya juu tusikie sote. "Ni mali safi, madam," sauti ikasema. "Mali safi kabisa."

"Hiyo si mahali," Biji akasema. Akalirudisha boga kwenye rundo. "Sikati."

"Biji, tafadhali. Ni malenge tu. Watu watakuja kesho asubuhi."

"Miguu yangu haijafika huko. Mkono yangu nayo haiingii."

Taranjit akachuchumaa mbele yake, akamshika mikono. Alisema kwa upendo, na ndiyo maana iliuma zaidi. "Umechoka, Biji. Kama huwezi, ni sawa. Kesho nitaita wapishi wa kuajiriwa, na baada ya Maghi waendelee tu wao. Wewe utakuwa unakuja kuomba na kula."

"Na kula," Biji akarudia. Akatazama sufuria yake kubwa kupitia mlangoni. Sijawahi kuuona uso wake ukiwa mzee hivyo. Nikajua, na kila mtu pale barazani akajua: akikataa malenge yale, sufuria imemtoka. Akiyakubali, imemtoka pia, maana atakuwa amewalisha watu wake kitu asichokijua.

Hasira zikanipanda. Nikachukua kisu. "Wacheni nilambe kipande! Kibichi bado si chakula."

"Weka chini," Biji akasema. "Imeletwa hapa kwa jina la Mungu, haionjwi. Na ukilamba moja, hizo zingine zote zitakuambia nini?" Kisha akanitazama miguuni. Miguu yangu ndiyo ilikuwa mzaha wake wa kila siku. Alizoea kusema viatu vyangu vinatosha kukandia unga. "Awuor, miguu yako bado ni mikubwa?"

"Bado, Biji."

"Basi nenda wewe."

"Mimi? Nikaangalie nini? Mimi sijui mambo ya udongo!"

"Usijue. Mimi pia sijui. Fika tu, uone, urudi uniambie ulichoona. Usiniambie ulichofikiria."

Mwenye pikapu aliitwa Kitheka, na kituo chake ni pale Adams Arcade. Nilimkuta ameegemea gari, anakula mahindi ya kuchoma.

"Niaje, mathe."

"Poa. Yale malenge uliyobeba asubuhi uliyatoa wapi?"

"Aa, mimi ni wa kubeba tu. Broka ndiye alinituma."

"Sijakuuliza kama unabeba. Nimekuuliza wapi. Nipeleke."

Akaanza hadithi za mafuta na foleni. Nikamwambia mimi nimezaa wanangu wote bila sindano ya maumivu, asinitishe na foleni. Akatupa gunzi, akawasha gari. Tukapita soko la Dagoretti, tukapita machinjio, lami ikaisha, na Kitheka akasimama kwenye boma la ng'ombe wa maziwa. Mzee mmoja alikuwa anaosha mikebe ya maziwa. Jina lake Dedan. Nikamsalimia, nikamuuliza habari ya malenge.

"Yale ya ng'ombe?" akasema.

"Ya ng'ombe gani, mzee?"

"Yale nilipandia ng'ombe wangu, wapate kitu wakati wa kiangazi. Jirani yangu hupanda vile vimalenge vya kupamba meza hotelini, nafikiri mbegu ilichanganyika. Ng'ombe walikataa. Nikamwambia broka ayachukue, aone kama nguruwe watakula, ama yaoze yawe mbolea." Akasimamisha brashi. "Kwani yameenda wapi?"

"Kwa watu," nikamwambia. "Yataliwa kesho. Na watu wengi sana."

Mzee wa watu akakalia mkebe wake wa maziwa, maji yakimtiririka viganjani. Kisha akainuka, akatoa moja lililobaki nyuma ya zizi. Rangi ileile, uzuri uleule. Akalipasua, akamwekea ng'ombe. Ng'ombe akainama, akanusa, akapuliza pua, akaenda zake.

Lile halikuwa limetolewa kwa jina la Mungu. Nikakata kipande, nikakigusisha ulimi.

Jamani! Kwinini ya utotoni ni asali. Uchungu ule ulinishika ulimi ukapanda mpaka masikioni, nikatema na kutema, Kitheka akanishika bega. Kwetu boga chungu halipewi mtu. Tumbo litamkata atapike mpaka alale chini. Nikaona ule mstari wa watu kwenye jamvi. Nikamwona fundi na saruji yake, yule mama wa Kawangware anamtafunia mwanawe kwanza, wote wanapokea, hakuna anayeuliza. Na jikoni hakuna ulimi hata mmoja ambao ungewaonya. Machozi yakanitoka pale zizini, wala sikuyafuta.

Lakini kilichonitetemesha zaidi si uchungu. Ni kwamba Biji hakujua. Aliligonga boga lile kama mimi, akaona uzuri kama mimi, na hakuwa na siri yoyote kichwani. Alichokuwa nacho ni kukataa tu kuweka mkono mahali mguu haujafika. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo miaka yote, nikidhani ni tabia ya kizee, kama watu wanavyopenda chai yao iwe na majani mengi.

Turudi kwa Kitheka. Hakusema tena habari za mafuta. Tulipokuwa tunageuza gari akaniambia polepole, "Mathe, mimi nilibeba tu. Aki nilibeba tu."

"Ndiyo, baba. Sote tulikuwa tunabeba tu," nikamwambia. "Sasa nipeleke kwa Mwihaki."

Mwihaki alikuwa ameshavuna, akahifadhi yaliyobaki ghalani juu ya majani makavu. Mabaya hayo! Yana chunusi, yamepinda, moja lilikuwa na alama ya panya. Nilipomweleza, alianza kuyatoa kabla sijamaliza. Akabakiza moja tu la mbegu. Kitheka akawa anapakia, na mimi, bila kutumwa, nikashuka shambani. Nikakanyaga mpaka mwisho wa mitaro. Nikachota maji ya kisima, nikayatazama, nikayanywa. Nikaona mashina makavu ya malenge yamelala pale yalipozalia, na udongo ukanishika mpaka kwenye vifundo. Sikujua natafuta nini. Niliangalia tu kila kitu, kwa sababu kuna mtu angeniuliza.

Tuliporudi jua bado lilikuwa juu ya paa. Biji hakuwa ametoka kwenye kigoda. Nikamweleza nilichoona: mzee, mikebe, ng'ombe aliyepuliza pua. Alifumba macho akataja jina la Mungu. Taranjit hakuamini, akakichukua kipande cha lile boga la zizini nilichokuja nacho kwenye karatasi, akatoka nacho hadi uani, akakilamba. Tulimsikia akitema. Akarudi amejishika mdomo kwa mikono miwili, akaketi sakafuni miguuni pa mama mkwe wake, na nguo zake zile nzuri za ofisini.

"Ningewaumiza," akasema. "Biji, mimi ndiye ningewaumiza."

"Wewe hukujua," Biji akasema, akampapasa kichwa. "Mimi pia sikujua. Awuor ndiye amekwenda."

Nikaliweka boga la Mwihaki mapajani mwake, lile lililopinda. Nikangoja aligonge. Hakuligonga. Alikuwa anatazama miguu yangu, mitupu, mikubwa, myekundu kwa udongo.

"Umefika?"

"Nimefika, Biji."

Akanyoosha mkono, nikampa kisu. Akapasua, mbegu zikang'aa, harufu tamu ikajaa baraza. Hakuuliza swali la pili. Miaka yote hiyo hakuwahi kukata kitu ambacho miguu yake mwenyewe haikukifikia, na sasa mavuno haya, ambayo goti halikumfikisha, aliyakata kwa neno moja la mdomo wangu, huu mdomo wangu unaopayuka.

"Sasa kaoshe miguu," akasema. "Unanichafulia baraza."

Asubuhi ya Maghi tulipika. Uwatu ukalia kwenye mafuta, tangawizi ikafuata, kisha malenge na maganda yake, kisha sukari nguru. Biji kwenye kigoda, mwiko mkononi mwangu. Na ule wakati ninaouogopa na kuupenda ukafika, sufuria imefunikwa, maombi yanasomwa ukumbini, na duniani hakuna mtu anayejua chakula kile kina ladha gani. Kisha milango ikafunguliwa, watu wakaketi. Dedan alikuja na maziwa yake, kitambaa kichwani, akaketi magoti yakigusana na wakili wa kilemba cha buluu. Kitheka alikula, akainua sahani, akaongezewa, akainua tena. Yule mama wa Kawangware alimega akamlisha mwanawe, na mtoto akafungua mdomo kutaka zaidi.

Biji hula wa mwisho siku zote. Nilimwekea mwenyewe, nikachuchumaa mbele yake kama mtu anayengoja hukumu. Alimega chapati, akachota, akatafuna polepole, macho yake yakiwa kwenye mstari wa watu.

"Chumvi kidogo imepungua," akasema.

"Biji!"

Akacheka, mabega yakatikisika, kisha machozi yakamteremka nyuma ya miwani, na akayaacha.

"Awuor," akasema, "sasa naweza kuzeeka."

Mama wa miaka themanini na kitu! Nikachukua upawa nikamwongezea malenge.